Siku ya Kutoa Nyuzi

Mama ameshashona koti.
Tetroni nyeupe, mabaki ya sare za shule,
mfuko wa kifuani umekaa upande kidogo
kwa sababu umeme ulikatika akiwa katikati.
Limening'inia mlangoni kama mgeni
asiyejua akae wapi.
Wateja wakija kupima magauni wanauliza, la nani?
"La daktari," anajibu, pini ziko mdomoni,
na huyo daktari niko nyuma ya pazia, nakata vitunguu.

Fomu ya chuo inafungwa leo saa sita usiku.
Simu ina asilimia kumi na tisa.
Chaguo la kwanza: kisanduku kitupu.

Masomo si tatizo. Moyo wa chura
niliuona ukidunda juu ya ubao wa nta,
nikachora mishale yote, nikapata tisini na moja.
Chura hakuwa na mtu anayemsubiri nje.

Ndiyo maana nilikwenda kujitolea
zahanati ya nyuma ya soko, Mbagala,
usiku kumi na mbili, kuandika majina kwenye daftari.
Sista Tumsifu hakuniuliza ndoto yangu.
Aliniuliza kama naweza kusimama.
"Kusimama tu. Mpaka asubuhi. Miguu yako ikoje?"

Usiku wa nne akaletwa kijana wa bodaboda,
paja limefunguka kama mfuko wa unga.
Taa zikazimika. Nikashika tochi ya simu,
nikangoja nizimie.
Sikuzimia. Mkono haukutetemeka,
na hilo ndilo lililonitisha:
nilitazama sindano iliyopinda ikizama, ikiibuka,
nikawaza, mshono wa mama umenyooka zaidi.
Kijana akanong'ona, "Dada, ongea. Chochote."
Nikamsimulia bei ya vitunguu.
Nyuzi kumi na moja. Anaitwa Kibwana.

Usiku wa tisa, mtoto mwenye homa,
bibi yake amembeba tangu Kongowe.
Sitaandika yote.
Nilitumwa nje nikamwite bibi.
Nikafika kwenye benchi, nikasema, "Shikamoo,"
naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu,"
na maneno mengine yakagoma.
Sista ndiye aliyekuja kuyasema, taratibu,
ameshika mkono wa bibi kama anayepima mapigo.
Kisha akanawa, akala chipsi zilizopoa,
akanisogezea sahani.
Sikula.
"Utakula," akasema. "Si leo."

Mjomba Ngwada anasema udaktari ni heshima.
Binamu anasema ajira hakuna,
anamjua mmoja ana shahada na anauza kava za simu.
Mwalimu wa kemia alisema ni wito,
nami nimetega sikio tangu kidato cha pili.
Nasikia cherehani.

Saa nane mchana. Asilimia kumi na moja.
Mama anapima bega la mteja, haniulizi,
na kutoniuliza kwake kumejaa chumba kizima.
Nataka kumwambia: koti ni zuri, mama.
Damu siiogopi, vitabu siviogopi,
naogopa lile benchi.
Na naogopa zaidi siku nitakayopita mbele yake
nikiwaza chakula.

Nimevaa ndala. "Unakwenda wapi? Na fomu je?"
Leo ni siku ya kumi, Kibwana anatolewa nyuzi.
Hakuna aliyeniita. Zamu zangu ziliisha juzi.
Nataka tu kuona kama nyama imeshikana,
kama goti linakunja,
kama alisikia chochote kuhusu vitunguu.

Koti nimeliacha mlangoni.
Chaja nimebeba.
Zahanati nzima ina soketi moja inayofanya kazi,
ile iliyo ukutani, juu ya benchi.